Neno la Wiki: Mipangilio

Fungua simu iliyowekwa Kiswahili utalikuta: Mipangilio. Mzizi wake ni panga. Kupangilia ni kupanga kwa uangalifu, kila kitu mahali pake.

Mafundi wa kompyuta wa Mbeya na Iringa wanalihitaji neno hili. Takwimu za vituo vya afya nchini huingia kwenye DHIS2, mfumo unaotunza data katika hifadhidata ya PostgreSQL na kutegemea kiendelezi cha PostGIS kwa mambo ya ramani.

Kiendelezi, yaani programu ya nyongeza, ni mgeni kwenye seva ya PostgreSQL, na huja na mipangilio yake. Iringa mgeni hufika na salamu, "Kamwene", ndipo aketi. Vivyo hivyo, kiendelezi kinachotaka sehemu ya kumbukumbu kuu ya pamoja kiiombe seva inapowashwa, kwa maana ndipo ukubwa wake hupangwa. Mipangilio yake kiitangulizie jina lake, isigongane na ya wengine. Kikikosa kinachohitaji, kiseme waziwazi. Kisiiguse kimyakimya mipangilio ya mwenye seva.

Kiswahili kimetupa panga na pangua kutoka mzizi mmoja. Mwenye haki ya kupangua ni yule aliyepanga.