Kamembe, Kigali, Brussels: umbali na muda wa safari

Ukiishi Gashonga, uwanja wa ndege ulio karibu nawe ni Kamembe, hapa hapa Rusizi.

• Kamembe–Kigali: takriban kilomita 147 angani, kama dakika 35. Kwa basi kupitia msitu wa Nyungwe, tenga saa 6.

• Kigali–Brussels: takriban kilomita 6,360. Ndege isiyotua njiani huchukua saa 8 hadi 9.

Majira ya joto ya Ulaya, saa za Rwanda na Ubelgiji ni sawa. Majira ya baridi, Ubelgiji iko nyuma kwa saa moja. Mjulishe ndugu anayekupokea.

Kumbuka: huduma za UNHCR ni bure. Mtu akikudai pesa ili akuingize kwenye orodha ya kuhamishiwa nchi nyingine, usimpe. Toa taarifa kwa UNHCR.