Tabora, Mji wa Njia Panda

Kabla ya reli, na kabla ya mizani ya chama, biashara yote ya nchi hii ilipita mabegani mwa watu. Njia itokayo Bagamoyo ilipofika Unyanyembe iligawanyika: moja ilishika magharibi hata Ujiji, nyingine kaskazini hata Karagwe na Buganda, na nyingine kusini-magharibi kuelekea Katanga. Penye njia panda hiyo ndipo ulipokua mji wa Kazeh, tunaouita leo Tabora. Burton na Speke walipofika hapo mwezi wa Novemba, 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga matembe yao.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, wakulima kama sisi. Walivuna kwanza, kisha wakati wa kiangazi wakajitwika pembe kwenda pwani, frasila mbili au zaidi kwa mtu mmoja, wakarudi na nguo na shanga. Watumwa nao walipitishwa katika njia zizo hizo, wala si haki kulificha jambo hilo.

Lakini habari inayotugusa zaidi sisi watu wa ushirika ni ile ya Mtemi Mnywa Sele. Huyu alidai ushuru juu ya bidhaa zinazoingia katika nchi yake. Waarabu wakakataa, na mnamo mwaka 1860 hivi wakamwondoa kitini wakamweka Mkasiwa, aliyeelewana nao. Mnywa Sele hakunyamaza. Aliisumbua misafara yao njiani hata alipouawa mwaka 1865. Ugomvi wenyewe ulikuwa huu: faida ya njia ni ya nani, mwenye nchi au mwenye duka? Mirambo wa Urambo aliuliza swali lilo hilo kwa nguvu zaidi. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji, na Stanley, baada ya kushindwa vitani pamoja na Waarabu, ikambidi azunguke kusini ndipo ampate Livingstone. Ajabu ni kwamba wageni huijua Tabora kwa ajili ya wazungu wale wawili tu.

Wajerumani walipoizingira boma ya Mtemi Isike mwezi wa Januari, 1893, yeye alijilipua kwa baruti kuliko kutekwa.

Reli ilifika mwaka 1912, na kazi ya mpagazi ikafa. Mwaka 1928 tawi la Mwanza likakamilika, na Tabora ikawa njia panda tena: wa Kigoma na wa Mwanza huagana hapo stesheni.