Mto Uliozishinda Meli

Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ilifungua reli kutoka Jinja hadi Namasagali, pungufu kidogo ya kilomita 100 kuelekea kaskazini. Pamba ya Busoga ilihitaji njia ya kutokea, hilo ni kweli, lakini reli kujengwa ubavuni mwa mto mkubwa kiasi kile kulikuwa na sababu yake: mto haukupitika. Naili ukishatoka Ziwa Viktoria hujitupa kwenye miamba, poromoko baada ya poromoko, na hautulii mpaka karibu na Namasagali. Ndipo zilipongojea meli, zipokee mizigo ya treni na kuivusha Ziwa Kyoga hadi Bandari ya Masindi.

Kipande hicho kilichowashinda wenye meli ndicho kinachonilisha. Nafundisha kayaki Jinja. Wanafunzi wangu wengi hawajawahi kushika kasia, na wenzangu wengi kazini ni watu wa mbio, wa kushuka maji ambayo mimi mwenyewe huyatazama mara mbili kabla ya kufunga mkanda wa kofia. Tunatumia mto mmoja, mara nyingi siku moja. Jambo hilo halikutokea lenyewe. Lina historia, na historia hiyo naona inapotea, kwa kuwa Naili ya Jinja huandikwa kwa wino wa wapelelezi na wahandisi, na watu waliokuwa majini wakaachwa nje ya ukurasa.

Hata Speke, mmoja wa wapelelezi hao, aliwaona. Alifika kwenye maporomoko ya kwanza tarehe 28 Julai 1862, akayapa jina la Ripon, mkubwa wa chama cha kijiografia cha Uingereza. Katika maelezo yake wamo Wasoga na Waganda waliokuwa wamesimama juu ya miamba na fimbo zao za kuvulia, samaki wakiruka kuyapanda maji kwa maelfu. Na juu kidogo ya maporomoko kulikuwa na mitumbwi ya kuvusha watu. Mimi hukitafakari hicho kivuko kuliko samaki. Kuvusha mtumbwi juu ya ukingo wa poromoko si kazi ya mtu wa kubahatisha. Lazima ujue mstari ambao ukiuvuka mkondo haukuachii tena, na uujue kwa macho, maana maji ya juu ya poromoko huwa laini na hayana kelele. Waliokuwa wakivusha pale walikuwa wanausoma mto kabla hakujawa na mtu wa kuja kuuandika.

Mwanasiasa Mwingereza Winston Churchill alipita mwaka 1907, akatazama Ripon, na katika kitabu alichotoa mwaka uliofuata akahimiza nguvu ile iwekewe mitambo. Ilichukua muda. Ujenzi wa bwawa la Owen Falls ulianza mwaka 1949, na Malkia Elizabeth II akalifungua Aprili 1954. Babu yangu alikuja kutoka Busia, upande wa Kenya, kwa ajili ya zege la bwawa hilo, akabaki. Tukakulia Walukuba, mtaa wa wafanyakazi, ambako mtoto wa Mluo, wa Mluhya, wa Msamia na wa Msoga walisikilizana kwa Kiswahili kilekile cha reli na kambi ya jeshi. Babu alikuwa akisimulia jinsi sauti ya mto ilivyobadilika. Maporomoko ya Ripon yalizama, na ya Owen yakazama pia. Usiku, alisema, ulikuwa unasikia mashine badala ya maji.

Bwawa lile lilibadilisha pia kupanda na kushuka kwa mto wenyewe, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana bila kulielewa hili hutaelewa kazi yetu. Mito mingi ya milimani hupanda na kushuka kwa mvua ya jana. Naili ya Jinja inalishwa na ziwa, na ziwa la ukubwa ule halina haraka. Huchukua miezi kupanda na miaka kushuka. Tangu mwaka 1954 maji hupita kwenye milango, na walioishika milango hiyo walifungwa na makubaliano: ziwa likiwa katika kimo fulani, maji yatakayoachiwa yawe sawa na yale ambayo yangetoka yenyewe kama bwawa lisingekuwapo. Misri iliyataka makubaliano hayo, nayo ilikuwa na sababu zote. Kati ya mwaka 1961 na 1964 mvua ziliinua ziwa kwa takriban mita mbili na nusu, na mto chini ya bwawa ukafurika kwa miaka. Baadaye, kati ya mwaka 2004 na 2006, ukame ulikutana na mahitaji makubwa ya umeme, ziwa likashuka hadi fukwe zikabaki na matope. Kwa mpiga kasia, vipindi hivyo viwili ni kama mito miwili tofauti.

Kayaki zenyewe zilifika zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwishoni mwa mwaka 1950 Mmarekani John Goddard na Wafaransa wawili, Jean Laporte na André Davy, waliondoka na kayaki kwenye vyanzo vya Mto Kagera wakielekea Misri. Lakini wao walikuwa wapita njia. Kazi ya kukaa, ya kuamka asubuhi na kwenda mtoni kama wengine waendavyo kiwandani, ilianza mwaka 1996, kampuni ya Adrift ilipoanza kushusha wageni kwa maboti ya mpira kuanzia Bujagali.

Bujagali hakukuwa patupu. Kwa Wasoga ni mahali pa mzimu mkubwa, na mzee aliyebeba jina la mzimu huo alikuwa na madhabahu yake pale. Na kulikuwa na vijana wa jerikeni. Aliyefika Bujagali miaka ile atawakumbuka: kijana anachukua jerikeni tupu la manjano la lita 20, analifunga vizuri, analikumbatia kifuani na kujitupa katika poromoko zima. Anapotea, anaibuka, anapotea tena, kisha anaonekana chini kabisa akiogelea kuja ukingoni kuchukua fedha kwa watazamaji. Wageni waliona mchezo wa hatari. Mimi nilikuwa msichana wa shule, na nilichokiona ni kwamba kila mmoja aliingia palepale alipoingia mwenzake, nusu hatua kushoto mwa mwamba fulani, na aliyesogea nusu hatua nyingine hakufanya hivyo mara ya pili. Waswahili husema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Wale walikuwa wameyafika.

Kampuni za maboti zilipohitaji watu wa kayaki za uokoaji, yaani wale wanaoteremka mbele ya boti na kumdaka mgeni aliyetupwa nje, wengi walitoka katika vijana wa namna hiyo. Hawakuhitaji kufundishwa mto, ila chombo. Kutoka kwenye uokoaji wakaingia kwenye mashindano. Wimbi la Nile Special, lililopewa jina la bia inayopikwa Njeru ng'ambo ya mto, likawa linawavuta wacheza kayaki kutoka Ulaya, Marekani na New Zealand wakati wa baridi ya kwao, na vijana wetu wakajifunza kwa kukaa nao foleni moja ya kuingia wimbini. Mmoja aliyekaa Jinja, Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, aliongoza mwaka 2004 msafara ulioshuka Naili yote kutoka Ziwa Viktoria hadi Bahari ya Mediterania. Desemba 2010 mamba alimchukua katika Mto Lukuga, ule unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika kuyapeleka Kongo. Alikuwa na Wamarekani wawili, nao walinusurika. Jinja iliomboleza kwa muda mrefu.

Sasa, kwa nini mto huu ulifaa kwa wote, bingwa na mwanagenzi? Kina. Pale ambapo mto mdogo wa milimani unakupigisha kichwa kwenye jiwe, Naili ina maji mengi, takriban mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, na yanapita juu ya mwamba kwa kimo cha kutosha. Ukianguka utazungushwa na utakunywa maji, lakini mara nyingi hutagusa jiwe. Na baada ya kila poromoko mto unapanuka ukawa bwawa tulivu, la uvuguvugu, ambamo mwokoaji anakukuta wewe, kayaki yako na kasia lako mkielea pamoja. Kisha kulikuwa na mpangilio. Ulikuwa mto wenye madarasa kama shule: maji ya daraja la pili, la tatu, la nne, la tano, ndani ya mwendo wa siku moja. Mwanafunzi angeweza kupanda darasa bila kubadilisha mto.

Madarasa hayo ndiyo yaliyovunjwa. Bwawa la Bujagali, la megawati 250, kilomita 8 tu chini ya Owen Falls, lilibishaniwa miaka mingi. Kampuni ya kwanza iliondoka mwaka 2003, nyingine zikaanza upya mwaka 2007, na likazinduliwa Oktoba 2012. Maporomoko ya Bujagali yalizama, na Total Gunga na Big Brother yakazama nayo. Kazi yetu ikahamia chini ya bwawa. Nchi ilikuwa gizani, viwanda vya Jinja vilikuwa vinakufa, na mimi siwezi kumwambia mama anayewasha taa leo kwamba nilitamani aendelee na koroboi. Lakini kilichochukuliwa kitajwe kwa jina lake. Kwa kubadilishana na Bujagali, Uganda na Benki ya Dunia walikubaliana mwaka 2007 kwamba maporomoko ya Kalagala yatahifadhiwa. Kisha likajengwa bwawa jingine chini yake, Isimba, megawati 183, lililozinduliwa Machi 2019, na ziwa lake likarudi nyuma kupanda mto na kumeza visiwa na maji yetu ya chini. Tumebanwa katikati ya ukuta na ukuta. Ahadi inayopunguzwa kidogo kidogo kutoka upande wa chini bado ni ahadi iliyovunjwa, na nalisema hilo nikiwa na akili zangu timamu.

Somo la kwanza leo nalifundishia juu ya ziwa la bwawa la Bujagali, mahali ambapo vijana wa jerikeni walikuwa wanaruka. Maji ni tambarare. Namkalisha mwanafunzi ndani ya kayaki, namvalisha ile sketi ya mpira kiunoni, tunaivuta kuzunguka ukingo wa tundu mpaka ikaze kama ngozi ya ngoma. Kitanzi cha mbele lazima kibaki nje. Nakikagua kwa kidole mwenyewe, kila mara, kwa kila mtu. Kisha namwambia: ukipinduka, inama mbele, kidevu kifuani, piga tumbo la kayaki kwa viganja mara tatu, nisikie. Halafu papasa ukingo mpaka ukutane na kitanzi, kisukume mbele, ukivute. Namgeuza. Nasimama majini mpaka kifuani, mkono wangu ukiwa juu ya jaketi lake. Yale makofi matatu ni kwa ajili ya akili yake zaidi ya masikio yangu. Mtu aliyeweza kuhesabu tatu akiwa kichwa chini ameshajua kwamba muda upo.

Ziwa hilo ni darasa zuri la kwanza, nalikiri. Shida ni darasa la pili. Kutoka kwenye maji tambarare, mwanafunzi wa leo anavuka haraka mno kuingia kwenye maji makubwa, na wapo wanaoacha kwa hofu ambao kwenye mto wa zamani wangekuwa mafundi.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mvua ziliinua ziwa mpaka Mei likafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, sentimita moja juu ya rekodi ya Mei 1964. Mwezi mmoja kabla, kisiwa kizima cha magugu kinachoelea kilikuwa kimekokotwa na mkondo hadi kwenye mitambo ya bwawa la Owen Falls, nchi ikakosa umeme. Milango ikafunguliwa. Ngazi za gati letu zilipotea moja moja, na miti niliyozoea kufungia kamba ikawa inasimama katikati ya mkondo. Baadhi ya mawimbi yalilala kabisa chini ya maji mengi, na mahali palipokuwa patulivu pakaota mashimo ya maji yanayoshika kayaki na kuikataza kutoka.

Wageni hawakuwapo, maana ilikuwa korona. Masharti yalipolegezwa wakabaki watu wa nyumbani: wa mbio, waokoaji, na watoto wa vijijini waliokuwa wakitutazama miaka yote. Mto ule wa juu ulitulazimisha kujifunza upya kila kona, na wenye mbio walijifunza wa kwanza. Wakapanda ukingoni na kutembea nasi, wakionyesha kwa kasia: hapa ingia, hapa acha, hapa mkondo unarudi nyuma na utakupa pumzi. Tukagundua kwamba maji mengi yalikuwa yamefungua njia za pembeni kati ya visiwa, juu ya mawe ambayo mwaka wa kawaida huwa makavu. Zilikuwa za daraja la pili na la tatu. Nilipeleka wanafunzi kumi na mbili huko kwa zamu, waokoaji wawili wakiwa chini ya kila kona.

Kwa miaka mingi Januari imekuwa mwezi wa mashindano, na mbio ngumu kuliko zote zilikuwa za Itanda, poromoko ambalo sehemu yake ya juu hata maboti ya wageni hubebwa nchi kavu kulizunguka. Wanne kati ya wale wanafunzi wa njia za pembeni leo hushindana. Mmoja ni msichana wa Bujagali, mjukuu wa mvuvi, na huwa ananisumbua kila mvua ikinyesha upande wa Kagera: mwalimu, ziwa limepanda? Namjibu aende akatazame kipimo mwenyewe, anieleze.