Vazi la vita la mawe, Mombasa

Tukisoma Waefeso 6, pale penye dirii na chapeo, wengi wetu humwona yule askari wa sinema aliyefunikwa chuma kichwa hadi vidole. Mavazi hayo yalikuwepo kweli. Ulaya waliyavaa miaka ya 1400 na 1500, na mengine yako kwenye makumbusho hadi leo. (Paulo alikuwa akiwaona askari wa Kirumi, lakini hilo tuliache.)

Sisi Wakenya tunalo la mawe. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Nyakati hizo wajuzi wa ujenzi wa kwao waliamini kwamba vipimo kamili vimo katika mwili wa binadamu. Itazame ramani ya ngome hiyo utamwona mtu amelala: kiwiliwili, mikono, miguu, kichwa kimeelekea baharini. Amevikwa kuta nene za matumbawe.

Sasa sikia yaliyompata. Machi 1696 Waomani waliizingira ngome. Kuta zilisimama. Kilichoua watu kilikuwa ndani: njaa na tauni. Askari walioletwa kuwasaidia nao wakaugua. Kufikia katikati ya 1697 Wareno karibu wote walikuwa wamekufa, na ngome ikabaki mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza, jamaa zake, wanaume wachache wa Kiafrika na wanawake wapatao 50. Soma tena hapo, mpendwa. Ngome yenye jina la Yesu ililindwa na Mwislamu na akina mama.

Mwaka huohuo meli ya msaada, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya ngome. Vitu vilivyotolewa na wapiga mbizi utaviona katika makumbusho yaliyomo humo ndani. Desemba 1698 Waomani waliingia, wakakuta watu wa kuhesabika. Siku chache baadaye meli nyingine za Wareno zikafika, zikaona bendera si yao.

Kwa nini nawaandikia haya kutoka Sericho? Mnajua kamati inachanga tujenge ukuta wa mawe badala ya ua wa miiba. Hoja hiyo niliileta mimi. Wezi wapo, na usiku wa huku mnaujua.

Lakini mwezi uliopita mama mmoja wa kanisa letu alilala mgonjwa siku tisa. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua, mchungaji wake nikiwa wa kwanza. Jirani yake Mwislamu ndiye aliyemchotea maji, akampikia uji, kisha akaja kuniuliza, "Mchungaji, huyu si mtu wenu?"

Sikuwa na jibu.

Jumapili baada ya ibada kamati inakaa. Hoja ya ukuta sijaiondoa. Nimemwomba mama huyo aje aketi nasi, pamoja na jirani yake akikubali, kabla hatujafungua daftari la michango.