Aliyempenda Devdas

Watazamaji wa picha katika miji yetu ya pwani walikuwa na kanuni moja waliyoiamini kuliko tiketi waliyokata: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa korongoni, lakini mwisho atarudi. Devdas anakufa. Tena hafi kwa risasi wala kwa hila ya adui. Anakufa kwa pombe na maradhi, mbele ya lango la nyumba ya mume wa mwanamke ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumwandikia barua ya kumkataa. Sinema ya India imemzika kijana huyu na kumfufua ili imzike tena: mwaka 1928 bila sauti, 1935 kwa Kibengali, 1936 kwa Kihindi, kisha 1955, kisha 2002, mbali na matoleo ya lugha nyingine. Jina lake limekuwa neno la kila siku huko, la kumtajia mwanamume anayejimaliza kwa ajili ya mapenzi, na watu humhesabu kuwa mfano mkuu wa mtu aliyependa asipendwe. Mimi naona heshima hiyo amepewa asiyestahili. Devdas alipendwa, tena na wanawake wawili. Aliyependa bila kupendwa katika hadithi hii ni Chandramukhi, yule mwanamke aliyekuwa akiwachezea na kuwaimbia wanaume kwa malipo, na filamu hizi kwa miongo mingi zimeufunika msiba wake kwa machozi ya mwanamume.

Turudi kwenye riwaya yenyewe. Sarat Chandra Chattopadhyay aliiandika akiwa kijana, ikachapishwa mwaka 1917. Devdas ni mtoto wa mwenye ardhi kijijini Bengal. Parvati, yaani Paro, ni binti wa jirani mwenye hadhi ya chini kidogo. Wazazi wa Devdas wanapoikataa ndoa, Paro anafanya jambo ambalo msichana wa Bengal wa zama zile hakutarajiwa hata kuliota: anakwenda usiku wa manane chumbani kwa kijana na kumwomba amwoe. Mwenye kusitasita ni Devdas. Anamwendea baba yake, anakataliwa, anakimbilia Calcutta, na kutoka huko anaandika barua ya kukana kwamba alimpenda. Anapojuta na kurudi, Paro anamjibu kwa kiburi kinachomfaa mtu aliyedhalilishwa, naye Devdas anampiga usoni na kumwachia kovu. Kisha Paro anaozwa kwa tajiri mjane mwenye watoto wakubwa. Huo ni msiba, sikatai, lakini ni msiba wa woga. Ukitaka kuulia, ulilie ule usiku mmoja ambao mlango ulikuwa wazi na kijana akauogopa.

Chandramukhi hakupata hata usiku huo mmoja. Devdas analetwa nyumbani kwake Calcutta na rafiki mlevi, anamtazama kwa karaha, anatupa pesa na kuondoka. Karaha hiyo ndiyo inayomgeuza moyo, kwa maana wanaume wote wengine walimtaka na huyu peke yake hakumtaka. Kuanzia hapo anapoteza kimoja baada ya kingine kwa hiari yake: anaiacha kazi, anaachana na mapambo, anahamia kijijini kuishi maisha ya kimaskini. Baadaye anarudi mjini kumtafuta, anamwokota amelewa njiani, anamuuguza. Na muda wote huo Devdas, akiwa amelala chini ya paa la mwanamke huyu na kula kwa mkono wake, analitaja jina la Paro. Mwandishi angetafuta sana kabla ya kupata picha kamili zaidi ya kupenda usipopendwa.

Kwa nini basi machozi yetu yakaenda kwa mwanamume? Sehemu ya jibu ni sauti. P. C. Barua aliitengeneza hadithi hii katika studio za New Theatres za Calcutta miaka michache tu baada ya filamu za India kuanza kusema. Katika toleo la Kibengali alicheza Devdas mwenyewe. Katika lile la Kihindi alimweka K. L. Saigal, aliyeimba nyimbo zake mwenyewe kwa sauti ya chini, ya karibu, kama mtu anayejisemea gizani. Huzuni ya mwanamume ikapata koo, na koo lile likasikika kwenye santuri mbali na ukumbi wa sinema. Chandramukhi naye huimba, tena kwa ustadi, ila kuimba kwake ni kazi ya kulipwa. Wimbo wa Devdas tunausikia kama kidonda. Wa Chandramukhi tunausikia kama burudani, hata pale anapoumia. Na anapofikia hatua ya kupenda kwa kweli, huacha kuimba na kucheza, yaani anajinyang'anya silaha pekee ambayo sinema ya muziki ilimpa. Jambo hili halikupotea kwenye pwani yetu, ambako lahani za filamu za Kihindi ziliingia katika taarabu. Juma Bhalo wa Mombasa alizivisha mashairi ya Kiswahili kwa miaka mingi. Kilichosafiri baharini kilikuwa lahani. Mwanamke aliyenyamaza hana lahani.

Kuna atakayesema kwamba namwonea mwandishi. Kahaba mwenye moyo safi, atasema, ni chombo cha kale cha hadithi, na kazi yake siku zote ni kupenda na kupotea ili shujaa aonekane. Ubora wa pingamizi hili ni kwamba laweza kupimwa, na likipimwa halisimami. Mchezo wa kale wa Kisanskriti unaoitwa Mrichchhakatika, unaohusishwa na jina la Shudraka, una mwanamke wa kazi hiyohiyo, Vasantasena, anayempenda Charudatta aliyefilisika. Naye Charudatta anampenda, na mwisho wa mchezo Vasantasena anapewa hadhi ya mke. Kwa hiyo si ukale wa India uliomnyima Chandramukhi jibu. Uliomnyima ni uungwana mpya wa tabaka la kati chini ya utawala wa Waingereza, ule ulioanza katika miaka ya 1890 kufanya kampeni za kuwatenga wachezaji na waimbaji wa kike, hata waliokuwa wakialikwa kwenye sherehe za wakubwa wakawa watu wa kuonewa haya. Sarat Chandra alikulia katika hewa hiyo. Alikuwa na huruma kubwa kwa mwanamke wa namna hii, na huruma yake ikaishia mlangoni: alimruhusu kupenda, hakumruhusu kupendwa.

Na sinema iliyoirithi huruma hiyo ilikuwa na deni zaidi. Mwimbaji Gauhar Jaan, aliyetoka katika kazi hiyo, alirekodi sauti yake Calcutta mwaka 1902 na kuwa miongoni mwa Wahindi wa mwanzo kabisa kuwekwa kwenye santuri. Filamu zilipoanza, wanawake wa familia za heshima walikataa kusimama mbele ya kamera, na nafasi ikajazwa na hawa waliozoea jukwaa. Jaddan Bai aliimba, akaigiza, akatunga muziki na kuendesha kampuni yake ya filamu katika miaka ya 1930. Bintiye ni Nargis, yuleyule aliyependwa Zanzibar na Dar es Salaam kwa ajili ya Awara ya mwaka 1951. Ajabu ni kwamba nyumba iliyojengwa na wanawake hawa iliendelea kuwaonyesha watazamaji kwamba mwanamke wa namna hii hawezi kurudishiwa mapenzi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wapo wanaosema Chandramukhi alijibiwa, kwa kuwa Devdas anapomuaga humwambia kwamba wakikutana baada ya kifo hataweza kukaa mbali naye. Ni maneno mazuri. Lakini anayeahidi malipo ya maisha mengine ni mtu ambaye bado ana siku za kuishi katika haya. Baadaye, alipojua kwamba anakufa, aliteremka kwenye treni usiku, akapanda gari la ng'ombe, na hakulielekeza kwa Chandramukhi. Alilielekeza kwa Paro. Kinywa kilimwahidi mmoja na mwili ukaenda kwa mwingine, nami ninauamini mwili.

Kubadilika kulikuja polepole, na kunaonekana vizuri ukiangalia jambo dogo: kukutana kwa wanawake hawa wawili. Katika riwaya hawaonani kabisa. Bimal Roy, aliyekuwa mpigapicha wa Barua kabla ya kuongoza toleo la 1955, aliwapitisha njia moja kijijini, Paro akiwa amebebwa kwenye machela na Chandramukhi akitembea kwa miguu. Wanatazamana, hawasemi neno, wanapishana. Kwangu ndiyo sekunde bora katika matoleo yote. Mwaka 2002 Sanjay Leela Bhansali akawakutanisha na kuwachezesha pamoja katika ngoma ya fahari iliyojaa dhahabu na kelele, jambo ambalo wapenzi wa riwaya hawakulisamehe. Prakash Mehra tayari mwaka 1978, katika Muqaddar Ka Sikandar, alikuwa ameugeuza ugonjwa huu kuwa mnyororo: Zohra anampenda Sikandar, Sikandar anampenda Kaamna, Kaamna anampenda mwingine, na Zohra anajiua. Mwaka 2009 tu, katika Dev.D ya Anurag Kashyap, mwanamume anaamka, anaachana na kifo, na kuondoka na Chanda. Karibu karne moja ilihitajika ili mtu amjibu.

Ila tusishangilie mno. Katika tuzo za Filmfare za mwaka 1957, Dilip Kumar alitunukiwa kuwa mwigizaji bora kwa Devdas, na Vyjayanthimala, aliyecheza Chandramukhi, akapewa tuzo ya mwigizaji msaidizi. Aliikataa, akisema nafasi yake ilikuwa sawa na ya Suchitra Sen aliyecheza Paro. Mwaka 2003 Aishwarya Rai, Paro wa Bhansali, alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Madhuri Dixit, Chandramukhi wake, alipewa ya mwigizaji msaidizi, naye akaipokea.