Plau, Kutawala na Kutunza: Shtaka la Lynn White Dhidi ya Kanisa

Tarehe 26 Desemba 1966, mjini Washington, mwanahistoria Mmarekani Lynn White alitoa mhadhara mbele ya wanasayansi. Mhadhara huo, uliochapishwa Machi 1967 katika jarida la Science, ulilishtaki Kanisa waziwazi: kwamba Ukristo wa Magharibi unabeba sehemu kubwa ya hatia ya uharibifu wa mazingira. Katika makala hii tunakusudia kulipima shtaka hilo, kwa kuwa linagusa mahubiri yetu wenyewe.

White, aliyekuwa bingwa wa historia ya Zama za Kati, alianza na plau. Plau ya kale ilikwaruza udongo tu, na mashamba yaligawanywa kwa kadiri ya mahitaji ya familia. Lakini udongo mzito wa Ulaya ya Kaskazini ulileta plau mpya, iliyochimba chini na kuupindua udongo, ikivutwa mara nyingi na maksai wanane. Wakulima walilazimika kuunganisha maksai wao, na kila mmoja akapata ardhi kwa kadiri ya mchango wake. Ndipo, alisema White, mwanadamu alipoacha kuwa sehemu ya ardhi akawa mnyonyaji wake. Na mafundisho kwamba vyote viliumbwa kwa ajili ya mwanadamu yakambariki. Sayansi na teknolojia zilipoungana katika karne ya 19, nguvu hiyo ikakosa mpaka.

Je, shtaka hili ni la haki? Kwanza, uharibifu ni wa kale kuliko Kanisa. Mashamba ya Wasumeri yaliharibiwa na chumvi iliyotokana na umwagiliaji. Naye Plato, katika karne ya 4 K.K., aliomboleza vilima vya Atika vilivyopoteza miti na udongo wake. Hao hawakukisoma kitabu cha Mwanzo.

Pili, neno “kutawala” katika Mwanzo 1:28 lina kipimo chake ndani ya Maandiko. Kitenzi hicho cha Kiebrania, radah, kinarudi katika Zaburi 72, ambamo mfalme anasifiwa kwa kuwaokoa wahitaji. Tena katika Ezekieli 34:4, ambamo wachungaji wanakemewa kwa kuwatawala kondoo kwa ukali. Na katika Mwanzo 2:15, kitenzi kinachotafsiriwa “kulima” ndicho pia kinachomaanisha kutumikia.

Hata hivyo, shtaka halifutiki kwa ufafanuzi wa maneno. White hakuuliza tu Maandiko yanasema nini, bali Wakristo waliyaishije. Na hapo historia haitutetei. Yeye mwenyewe, akiwa Mkristo, alisisitiza kwamba ugonjwa wenye mizizi ya kidini hauponywi kwa sayansi na teknolojia peke yake. Alimpendekeza Fransisko wa Asizi awe msimamizi wa wanaikolojia, jambo ambalo Papa Yohane Paulo II alilitangaza mwaka 1979.

Kwetu sisi Walutheri, Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa KKKT, alijulikana kwa kuhimiza upandaji wa miti katika miteremko ya Kilimanjaro. Lakini kazi hiyo si ya askofu mmoja. Kila mwaka, katika sikukuu ya mavuno, washarika wetu huleta mahindi, ndizi na maharage mbele ya madhabahu, nasi hushukuru. Inatupasa siku hiyo hiyo kuuliza pia habari za udongo uliovizaa vyakula hivyo, na chemchemi zilizounywesha.