WebRTC: Fomati Msimbo Wako Kabla Hujautuma

Uko Likoni, dadako yuko Doha, mnabonga kwa Google Meet na unamwona fiti kabisa. Kinachobeba hiyo sauti na video ndani ya brauza ni WebRTC. Google walinunua kampuni ya GIPS mwaka 2010, na 2011 wakaachilia msimbo wa WebRTC bure. Januari 2021, W3C na IETF wakaupitisha kuwa kiwango rasmi cha intaneti. Leseni yake ni ya BSD, so hata wewe wa Kisauni uko na ruhusa ya kuusoma, kuubadilisha na kutuma marekebisho.

Shida ni hapa kwa kutuma. Umepata hitilafu, ukairekebisha kwa mistari 3, halafu edita yako ikapanga upya faili nzima. Mkaguzi akifungua anapata mistari 600 imebadilika, na zile 3 zako zimezama humo. Ni kama kupeleka nganya kwa fundi Changamwe abadilishe breki, unarudi unapata ameipiga rangi yote. Sasa utajuaje breki aliigusa kweli?

Na si macho tu yanaumia. Git huweka rekodi ya nani aliandika mstari gani na lini. Ukisogeza nafasi ovyo, jina lako linakaa juu ya mistari hata huielewi. Mwaka ujao sauti ikianza kukatika, mwenye kutafuta chanzo ataanzia kwako, bure tu.

Kwa hivyo fanya hivi:

1. Weka depot_tools, kisha andika fetch --nohooks webrtc, halafu gclient sync. Mzigo ni gigabaiti nyingi, usijaribu na bando ya bob 50. Tafuta Wi-Fi.

2. Fuata staili ya mradi. Kwa C++, mstari usipite herufi 80, na ukiingia ndani ni nafasi 2.

3. Ukimaliza, andika git cl format. Inatumia clang-format, na kawaida inapanga mistari uliyogusa wewe pekee. Ukiongeza --full, inapanga faili yote. Achana nayo.

4. Faili ni chafu na inakukera? Isafishe kwa kiraka chake pekee, bila kubadilisha vile msimbo unafanya kazi.

5. Saini mkataba wa CLA, weka jina lako kwa faili ya AUTHORS, kisha git cl upload. Kazi itatokea Gerrit, na wenye majina kwa faili za OWNERS ndio wanapitisha.

Maze, mimi niliacha koleji, na katika hizo hatua zote sijaona mahali wanauliza cheti. Wanachotaka ni kiraka kidogo, kisafi, chenye mtu mwingine anaweza kusoma akaelewa. Hiyo unaweza.